Benchi la Mlangoni

Nawaonea wivu. Nalisema mapema, ili mkikuta neno kali humu ndani mjue limetoka wapi. Nyumba yangu iko juu kidogo ya shule, upande huu wa Lushebere, na kila asubuhi nikichambua maharagwe uani nawaona nyinyi walimu vijana mkishuka na madaftari kwapani, watoto wakikimbia kuwapokea mizigo. Mimi sina anayenipokea kitu. Hata kile chuma cha gurudumu kinachotumika kama kengele, siku hizi mnakipiga kivivu, sauti hainifikii. Zamani zangu kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nilimwambia hivyo mmoja wenu, akaniangalia tu, akasema, "Ndiyo, Mama," kwa ile sauti mnayotumia kwa wazee.

Mimi ni Madamu Vumilia. Nimeshika chaki miaka thelathini na mmoja, karibu yote katika klasi ya tatu. Wanaonijua watawaambia nilikuwa mkali, na hawadanganyi. Lakini hawatawaambia kwamba nilikuwa mwenye wivu, kwa sababu niliuficha vizuri. Leo nitauweka mezani, maana ndani yake kuna fundisho la kazi, na sijui njia nyingine ya kuwapa hilo fundisho bila kuwapa na aibu yake.

Nianze na jambo la kujivunia kwanza, mtu hawezi kujivua nguo yote mara moja. Mnajua ukaguzi wa kucha pale mlangoni asubuhi. Nyinyi mnaangalia kucha. Mimi sikuwa naangalia kucha. Mwaka wangu wa kwanza niliangalia, nikamfukuza kijana mmoja siku nne mfululizo kwa sababu ya udongo kwenye vidole. Siku ya tano alikuja amepaka mikono mawese mpaka kwenye viwiko, inang'aa, na daftari lake zima limelowa mafuta. Direkta wetu, mzee aliyeanzisha shule ile na kuiongoza muda wote niliokuwa pale, aliliona lile daftari akacheka mpaka akaketi. Halafu akaniambia kijana yule analima viazi na mama yake tangu alfajiri kabla ya kuja shule, na kwamba mimi ninamfukuza mfanyakazi hodari kuliko mimi.

Yeye ndiye alinifundisha kusalimia kwa mkono. Simama mlangoni, mpe kila mtoto mkono, mmoja mmoja, hata wakiwa sabini. Mkono wa baridi kabisa ni wa mtoto aliyelala chini bila kitu cha kujifunika. Mkono wenye harufu ya moshi ni wa yule aliyewapikia wadogo zake, huyo usimuulize swali gumu saa ya kwanza. Mkono mkavu na wa moto, mpeleke kituo cha afya kabla ya kuimba wimbo wa asubuhi. Mkono unaonata kidogo umekula, mshukuru Mungu. Watoto wanadhani unatafuta uchafu, kumbe unatafuta habari. Niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mwalimu yeyote wa shule ile, na nilijua kwamba naifanya vizuri. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Sasa nije kwenye kiti. Nilikuwa na desturi ambayo Direkta aliwaonyesha wageni wote. Kila mwisho wa muhula niliwapanga watoto upya kwenye mabenchi kwa kufuata pointi. Wa kwanza hadi wa nne walikaa benchi la mbele, chini ya ubao. Waliofuata, nyuma yao. Na wa mwisho kabisa walikaa benchi la mlangoni, kule ambako mvua inarusha matone na mbuzi wa majirani wanaingiza vichwa. Nilisema kiti ni mshahara wa mtoto, akikitaka kizuri akifanyie kazi. Wazazi walipenda. Mimi nilipenda zaidi.

Kwenye benchi hilo la mlangoni alikuwapo msichana mmoja, Sifa. Alikuja na shangazi yake kutoka Kashuga ule mwaka watu walipohama wengi, wakaishi kambi ya wakimbizi, kwenye vile vibanda vya plastiki vyeupe mnavyovijua. Mtoto mpole, hasumbui, hajibu. Ukimuuliza kitu anakuangalia mdomoni, anatabasamu, halafu anaketi. Nilimwita mzito. Mwaka wa kwanza kwangu alianguka, nikamrudisha klasi. Mwaka wa pili ulipoanza, shangazi yake, Mama Bahati, alikuja kunieleza wazi kwamba hawezi kuendelea hivyo. Mtoto akianguka tena, anampeleka Nyamitaba kwa shemeji yake akalime na kuchunga ng'ombe, basi, shule imekwisha. Nilimjibu kwamba hilo liko mikononi mwa Sifa mwenyewe. Nikamweka mlangoni, kwenye kiti chake cha pointi.

Mwaka huohuo watoto walizidi, kwa sababu ya kambi, na klasi ya tatu ikakatwa vipande viwili kwa ukuta wa mbao. Mimi nikabaki na A. Klasi ya B akapewa mwalimu mgeni kutoka Walikale, Madamu Zawadi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliumwa.

Hebu niwaeleze huyo mwanamke. Alikuwa na blauzi mbili tu, kama sisi wote, ila zake zilimkaa vizuri. Alizungumza chini chini, na klasi yake ilinyamaza ili imsikie, wakati mimi nilipiga kelele ili yangu inyamaze. Kwao ni msituni, baba yake alikuwa mwindaji, na alikuwa amefundisha miaka mingi chini ya paa la majani ambako, kwa maneno yake, ubao wenyewe ulikuwa mlango uliovunjika. Hakuwa na desturi yoyote ya kuonyesha wageni. Lakini ikifika saa ya mapumziko, watoto wangu, wale niliowashika mikono asubuhi, niliojua nani amekula na nani hakula, walizunguka ukuta wakaenda kusimama karibu naye. Hawakuwa na shida yoyote, walisimama tu.

Kwenye ule ukuta wa mbao kulikuwa na tundu, mahali fundo la mti lilipodondoka. Nililiziba kwa udongo ili watoto wangu wasichungulie upande wa pili. Watoto wakitoka nje, nilitoa ule udongo nikachungulia mwenyewe. Ndiyo, mcheke. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa Jumuiya, jicho kwenye tundu. Nilitaka kujua anawapa nini. Sikuona kitu. Niliona mwanamke anafuta ubao.

Basi ikaja ile wiki malaria iliponiangusha. Siku sita nilikuwa kitandani, na mvua ya mwezi wa kumi na moja inanyesha kutwa. Madamu Zawadi alichukua klasi zote mbili, akienda na kurudi. Kwa vile hawezi kusema huku na kule kwa wakati mmoja, wangu aliwaandikia kila kitu ubaoni, maswali yote, maelezo yote, halafu akaenda kufundisha wake. Nilirudi kazini, na jambo la kwanza watoto waliloniambia, hata kabla ya kuniuliza nimepona, ni kwamba Sifa amepata kumi juu ya kumi kwa Madamu Zawadi. Mara mbili.

Mtoto amekaa kwangu mwaka mzima na zaidi, na nilivyoamini mimi hajapata hata tano, na kwa siku sita anapata kumi kwa mtu mwingine. Nyinyi mngefikiri nini? Mngefikiri, labda, kwamba kuna jambo la kuuliza. Mimi nilifikiri kwamba yule mwanamke anagawa pointi bure ili apendwe.

Saa ya mapumziko alikuja mwenyewe mlangoni kwangu. Aliniuliza habari ya homa, akanipa ndizi mbili zilizoiva, halafu akaniambia kwa ile sauti yake ya chini.

"Madamu, ule mutoto wa benchi ya mulango, anasikiaka sikio moja tu. Ya kushoto. Ya kuume imekufa. Kwetu mu pori, nyama anageuzaka sikio yenye kusikia kwenye kunatoka sauti. Ule mutoto anafanya vile vile. Umuangalie shingo."

Nilikuwa na zile ndizi mkononi. Nikamjibu kwamba Sifa ananijua na mimi namjua, miaka miwili, na yeye amemwona siku sita. Akasema ndiyo, ni kweli. Akaongeza taratibu kwamba pale mlangoni kelele zote za nje zinaingia kwenye lile sikio moja zima, na kwamba akihamishiwa mbele, mwisho wa kuume wa benchi, sikio la kushoto litakuwa upande wa mwalimu.

"Kwangu kiti kinapatikana na pointi," nikamwambia. "Weye uko na klasi yako."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Zile ndizi nilizila. Nawaambia ili mnielewe mzima mzima.

Siku iliyofuata jua liliwaka. Nikatangaza diktee. Nikasimama mbele, nikasoma maneno kumi, nikitembea kama nilivyozoea, mgongo mara huku mara kule, na nje watoto wa klasi ya kwanza wanaimba wakifagia uwanja. Niliyasahihisha madaftari palepale. Sifa alipata mbili. Nikamsimamisha. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ya kupenya ukuta wa mbao, maana sikuwa nazungumza na mtoto:

"Mbili juu ya kumi. Hii njo pointi yako ya kweli. Zile ingine walikupatia."

Klasi ikacheka. Na Sifa, aliyekuwa amesimama pale mlangoni akiangalia sura za wenzake, alipoona wanacheka, akacheka nao. Alicheka vizuri, kwa furaha, kama mtoto anayefurahi kuwemo. Mpaka jirani yake akamvuta na kumwambia kwenye sikio la kushoto ni nini kimesemwa. Nikaona kile kicheko kinakatika.

Mnafikiri hapo ndipo nilipoelewa. Hapana. Hapo nilikuwa nasikiliza ukuta, kujua kama Zawadi amesikia.

Kesho yake Sifa hakuja. Wala keshokutwa. Kwenye daftari la majina niliweka alama ya kutokuwepo, mara ya tatu nikaiweka kwa mkono mzito. Siku hiyo ya tatu mvua ilirudi. Mnajua mvua ikipiga mabati yetu, mwalimu unafunga mdomo tu, hata ungekuwa na sauti ya Askofu. Nikafanya kama tunavyofanya wote, nikaandika kazi ubaoni, nikakaa. Watoto wakainama kuandika. Sina la kufanya, nikavuta kabatini madaftari ya waliokosa kuja. La Sifa lilikuwa juu.

Nikalifungua. Ukurasa wa siku ya mvua, tisa. Ukurasa wa diktee, mbili. Hesabu zilizoandikwa ubaoni, nane, tisa, tisa. Hesabu za kusomewa, moja. Nikarudi mpaka mwezi wa tisa, ukurasa kwa ukurasa, na, ukiacha zile kurasa za siku sita, kila ukurasa ulikuwa umesahihishwa kwa wino mwekundu wa mkono wangu mwenyewe. Ningeweza kuliona lile jambo wakati wowote. Mimi mwenye kusoma mikono ya watoto sabini kila asubuhi, sikusoma daftari nililolisahihisha mwenyewe. Nilimweka mlangoni kwa sababu hasikii, naye hakusikia kwa sababu nimemweka mlangoni. Nyani haoni kundule.

Sasa niwaambie kilichoniuma kwanza. Si mtoto. Mtoto alikuja wa pili. Kilichoniuma kwanza ni kwamba Zawadi aliona, na mimi sikuona. Nilikaa pale, mvua inapiga bati, nikamwonea wivu kwa macho yake kuliko nilivyowahi kumwonea wivu kwa watoto.

Jumamosi asubuhi nikalichukua lile daftari nikashuka kambini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilikuwa nimepanga hata machozi kidogo. Nikauliza kibanda cha Mama Bahati, nikaonyeshwa. Na nje ya kibanda, juu ya jiwe, nani ameketi? Madamu Zawadi. Yuko upande wa kushoto wa Sifa, kipande cha ubao mapajani, anaandika kwa makaa, anasoma, na mtoto anarudia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kubwa, ya mtu anayejua anachosema. Madamu Zawadi alikuwa ameanza kuja huko tangu siku ya pili mtoto alipokosa shule.

Niligeuka. Hata kuomba msamaha alikuwa amenitangulia. Nilipiga hatua nne, tano, kurudi nyumbani. Lakini Sifa macho yake yalikuwa mazima, alikuwa ameniona. Nilipotazama nyuma, alikuwa amesimama, mikono pembeni, wima kabisa, kama mnavyowafundisha kusimama mwalimu akiingia. Hakuna aliyemwambia. Amesimama pale kwenye tope kwa heshima ya mtu aliyemfanya achekwe mbele ya klasi. Nikarudi.

Yale maneno niliyoyapanga hayakutoka. Nilimpa daftari tu, nikamwambia, upande wa kushoto, kwamba pointi zake za kumi zilikuwa za kweli. Akaniangalia mdomoni kwa mazoea, halafu akaangalia chini. Mama Bahati alitoka ndani akanipa kiti, akanikaribisha vizuri, kisha akasema lake bila kuzunguka.

"Madamu, mutoto amesema kwako harudi. Kama njo kwa Madamu Zawadi, atarudi. Kama haiwezekane, Jumatatu asubui anapanda na shemeji yangu Nyamitaba. Miye siko na nguvu ya kubishana na mutoto mwenye analia."

Zawadi alikuwa anafuta ubao kwa mkono. Yeye alijua, kama mimi, sheria ya Direkta: katikati ya mwaka mtoto hahami klasi mpaka mwalimu anayemwacha akubali na kumfuta kwa mkono wake mwenyewe. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu ya walimu kunyang'anyana watoto hodari. Haikuwahi kutumika kwangu. Kwangu hakuna aliyewahi kuomba kuondoka.

Nikasema nitafikiria. Naam, mtoto yuko mbele yangu, ng'ombe wa Nyamitaba wanamngoja, na mimi nikasema nitafikiria. Jumapili nzima nilifikiria. Kanisani nilifikiria. Nilitafuta njia ya tatu. Nimweke mbele kwangu, nimtunze, ajulikane kwamba Madamu Vumilia ndiye aliyegundua. Lakini mtoto hakutaka kiti changu cha mbele. Alitaka mlango mwingine. Na nilijua kwamba nikikataa, nitakuwa nimempoteza kwa sababu moja tu, kwamba sitaki jirani yangu ampate.

Jumatatu nilisalimia mikono yote mlangoni, halafu nikawaambia wakae kimya, nikaenda kwa Direkta na daftari la majina. Nikamweleza kwa ufupi. Akaniazima kalamu yake. Nikapiga mstari juu ya jina la Sifa, nikaandika pembeni "B", nikatia saini. Mkono haukutaka. Direkta aliuangalia ule mstari, akasema tu kwamba mwaka huu nimefundisha somo gumu. Sikujua kama ni sifa au ni dhihaka, na sikuuliza.

Nikashuka barabarani mwenyewe, nusu kukimbia. Mama Bahati alikuwa pale na shemeji yake, mtoto ana mzigo mdogo kichwani, umefungwa kitenge. Nikawaambia imeandikwa. Nikamshika Sifa mkono. Ulikuwa wa baridi, na haukunata. Nikapita naye nyumbani nikampa viazi viwili vya jana, akala akitembea, halafu nikamfikisha mpaka mlangoni kwa Madamu Zawadi. Nikagonga. Nikamkabidhi kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Zawadi alisema asante, akampokea, hakutabasamu hata kidogo. Hilo sijamsamehe mpaka leo. Angecheka kidogo tu, ningepata sababu ya kumchukia kwa raha.

Wiki ile ile niliondoa mpango wa viti vya pointi. Niliwapanga upya, wenye kusikia kidogo mbele, wenye kuona kidogo mbele, wanaosinzia kwa njaa karibu na dirisha, na hodari nikawapeleka mlangoni, maana wao hata na mbuzi kichwani wanaelewa. Direkta aliona akanisifu mbele ya walimu wote, akasema hii ndiyo akili ya mwalimu wa miaka mingi. Zawadi alikuwepo. Nikasema asante, Direkta. Niliipokea ile sifa, nikaivaa, nikastaafu nayo. Na nyinyi mliponiomba mwaka jana nije kuwafundisha "mpango wa mabenchi wa Mama Vumilia", nilikuja nikafundisha. Leo ndiyo mara ya kwanza nasema kwamba haukuwa wangu. Ulikuwa wa Zawadi, na aliupata kwa baba yake, aliyetazama shingo za wanyama.

Sifa alipita klasi mwaka ule, wa tano kati ya watoto wa B. Kabla ya matokeo nilikuwa nimemwona kwa tundu langu. Alikuwa amekaa mwisho wa kuume wa benchi la mbele, mkono juu. Nikaurudisha udongo mahali pake, na safari hii nikaushindilia. Zawadi alikaa nasi miaka mitatu mingine, halafu akarudi kwao Walikale. Hatukuwahi kulizungumza. Kuuliza si ujinga, wanasema, na mimi nilibaki na ujinga wangu kwa kutouliza.

Mnamjua Sifa. Ni Madamu Sifa wa klasi ya tatu, mwenzenu. Mnajua kwamba ukitaka kumwambia kitu unazunguka kushoto. Mnajua pia kwamba watoto wanamzingira saa ya mapumziko, na mimi naona kutoka uani, na mnajua sasa ninajisikiaje.

Mwezi uliopita mlinialika kwenye kutangaza matokeo ya mwaka. Nilikuja mapema, lakini sikukaa mbele na wazee. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye mlango wa ukumbi, nikajiambia ni kwa sababu ya hewa. Mkaanza kusoma majina. Midomo yenu ilikuwa inacheza, wazazi wanapiga vigelegele, na mimi nilipiga makofi pale wengine walipopiga. Mtu mmoja akasema neno, watu wakacheka. Nikacheka nao.

Madamu Sifa alikuwa mbele, na karatasi mkononi. Aliniangalia. Aliniangalia kwa muda wa jina moja na nusu, si zaidi. Halafu akampa mwenzake karatasi, akatembea katikati ya watu mpaka mlangoni, akainama upande wangu mmoja akasema kitu, akazunguka akainama upande wa pili.

"Mama, ni sikio gani imekufa? Ya kuume?"

Nilitaka kumwambia hakuna lililokufa. Nikasema, "Ya kuume. Na ya kushoto inachoka."

Hakuuliza tangu lini. Alinishika mkono, ukumbi mzima unatazama, akanipeleka mpaka benchi la mbele, mwisho wa kuume, akawaambia waliokaa pale wasogee. Nilimvuta kabla hajaenda. Nilijua jibu, lakini wivu ukishazeeka na mtu hauondoki kwa adabu. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kutazama watu namna hiyo.

"Madamu Zawadi," akasema, palepale, kwenye sikio langu zima.

Nikakaa. Na majina yote yaliyobaki niliyasikia, moja moja, mpaka la mwisho.

Kwa hiyo kile chuma chenu, vijana, endeleeni kukipiga kama mnavyokipiga. Hakina kosa. Ni mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni.